Lazima Ule

Ndugu zangu wa ushirika huu wa kanisa letu, asanteni kwa kunipa nafasi. Mara mbili mmeniomba nisimame hapa mbele, na mara mbili nimekataa nikisema nina mafua. Sikuwa na mafua. Cheka tu, mama, najua ulijua. Nilikuwa na aibu. Leo nimekubali kwa sababu baadhi yenu mna watoto waliopita mikononi mwangu darasani, na ni haki yenu kujua mikono hiyo ilikuwa ya nani.

Sitataja jina la mtu. Nitakayemtaja ni mimi peke yangu.

Mimi ni mtoto wa hapa Kaloleni. Baba yangu alifanya kazi reli, na kila jioni akitoka kazini alicheza drafti na wenzake nje ya nyumba, ubao ukiwa juu ya magoti yao, kete zikiwa ni vizibo vya soda. Mimi nilichuchumaa hapo kando na mdogo wangu mgongoni, nikatazama, nikatazama, mpaka nikaujua mchezo bila kufundishwa. Sheria moja ya drafti ya mitaa yetu mnaijua hata nyinyi msiocheza, kwa maana wanaume huipigia kelele hadi majirani hufunga madirisha: ukipata nafasi ya kula kete ya mwenzako, lazima ule. Uwe umeshiba, uwe umeona mtego, lazima ule. Ukikataa, kete yako inaondolewa ubaoni bure, na unachekwa.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipelekwa shule moja ya msingi upande wa Ziwani. Ndugu zangu, nawaambia, niliingia pale na moto. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiimba na watoto. Mwaka wa tatu nilikuwa nikipiga kelele. Mwaka wa tano nilikuwa nikichapa. Watoto sabini na kitu katika chumba kimoja, watatu watatu kwa dawati la wawili, wengine wamekalia mawe yaliyofunikwa gazeti. Wengi walikuja bila kunywa chai. Mimi niliona kelele zao tu, sikuiona njaa yao. Nilikuwa na kiboko juu ya kabati na niliujua urefu wake kuliko nilivyojua majina ya wanafunzi. Mwalimu mkuu alinipa darasa la sita la nyuma, lile ambalo walimu wenzangu waliliita "wale", na hakuna aliyeniuliza kama nalitaka.

Siku moja ya mvua, paa likivuja, nilikwenda stoo kutafuta ndoo. Nyuma ya ndoo nilipata sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na ubao wa miraba na vipande vilivyochongwa: farasi, ngome, askofu, askari wadogo, malkia, na mfalme mwenye taji. Mgeni fulani alikuwa ameuacha mchezo huo shuleni miaka iliyopita na hakuna aliyeugusa. Niliubeba hadi darasani, nikaupanga juu ya meza yangu ili nione tu unavyokaa.

Kelele zikakatika. Nawaambia, sijawahi kusikia ukimya kama ule, mvua ikipiga mabati na watoto sabini hawapumui.

"Ticha, hiyo ni nini?"

"Ni chesi," nikasema.

"Inachezwa aje?"

Hapo ndipo nilipoanguka, ingawa sikuhisi kuanguka. Nilihisi ninapaa. Siku hizo mwalimu hakuwa akisema "sijui". Mwalimu aliyesema "sijui" mbele ya darasa la sita alikuwa amekwisha, wangemkanyaga hadi mwisho wa mwaka. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi ya maelezo iliyoliwa na panya. Nusu iliyobaki ilionyesha kwa michoro jinsi kila kipande kinavyotembea. Nusu nyingine ilikuwa tumboni mwa panya. Basi nikasoma nilichoweza kusoma, na palipokuwa na tundu nikajaza kwa drafti ya baba yangu.

"Na sheria kubwa," nikawaambia, kidole juu, "ni hii. Ukiweza kula, lazima ule. Ukikataa, kipande chako kinaondolewa."

Wakaandika kwenye madaftari. Nikawaona wakiandika. Nikapita katikati ya madawati nikirekebisha herufi.

Sasa sikieni jambo la ajabu. Mchezo ule uliwageuza watoto. Sanduku lilikuwa moja, kwa hivyo walichora miraba sakafuni kwa chaki, wakaokota vizibo nje ya vioski, wakavikwaruza kwa msumari: M ya mfalme, F ya farasi. Walikuja shule kabla ya kengele. Watoto waliokuwa wakitoroka mchana walibaki. Alama zao za hesabu zikapanda, sijui kwa nini, labda kwa sababu sasa walikuwa wakikaa. Kiboko kikaanza kushika vumbi. Mimi mwenyewe nikaanza tena kuimba nikiandika ubaoni. Mwalimu mkuu alipita dirishani akasimama, akaenda, akarudi kuhakikisha.

Aliyewazidi wote alikuwa msichana mmoja wa hapa Kaloleni. Mama yake huuza sukuma wiki. Msigeuze shingo, hamtamjua. Mtoto yule alikuwa mwembamba, sweta lake limekwisha viwiko, na alikuwa na tabia ya kukaa juu ya mikono yake akifikiri, ili mikono isikimbie mbele ya akili. Wavulana walimwogopa. "Manze, huyu hachezi, huyu anakufinya," mmoja aliniambia karibu na machozi.

Muhula wa pili ikaja barua ya mashindano ya chesi ya shule za msingi, katika shule moja kubwa upande ule wa mji wenye miti na nyasi. Nikachagua watoto watano. Tukatembea kwa miguu tangu asubuhi, viatu wakivibeba mkononi visichakae, wakavivaa langoni. Ndani kulikuwa na ukumbi unaong'aa, meza zimefunikwa kitambaa cha kijani. Msichana wangu aliinama akagusa kile kitambaa kwa kidole kimoja.

Alicheza na mvulana mwenye tai. Alianza vizuri, hata yule mvulana akalegeza tai yake. Kisha mvulana akasogeza askari mmoja mdogo mbele ya malkia wa msichana wangu, na nyuma ya yule askari kulikuwa na askofu anayemlinda. Msichana wangu akakaa juu ya mikono yake. Akakaa muda mrefu. Akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa kumtia moyo, sikujua ananiuliza nini. Akatoa mkono, akamla yule askari kwa malkia. Askofu akamla malkia wake.

Baadaye kidogo naye akatega mtego wake. Akaacha farasi wake wazi. Mvulana akauona, akatabasamu, hakuula mtego, akacheza kwingine. Basi msichana wangu akanyoosha mkono kwa adabu zote, akaiondoa ubaoni ngome ya yule mvulana, ile iliyoweza kumla farasi, na kuiweka kando.

"Wewe, unafanya nini?" mvulana akashangaa.

"Umekataa kula," akamjibu. "Lazima ule."

Meza ya pili wakacheka. Meza ya tatu wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka. Ukumbi mzima ukacheka, watoto na walimu wao. Msimamizi wa mashindano akaja, mzee mmoja mwenye miwani mizito, karani mstaafu. Yeye hakucheka. Akairudisha ngome mahali pake, akamwuliza msichana kwa upole:

"Mama, sheria hiyo umeitoa wapi? Nani amekufundisha?"

Nilikuwa hatua nne kutoka pale. Nne. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Msichana wangu akainua macho, akanitazama. Nami, ndugu zangu, nikageuka nikaanza kusoma tangazo lililobandikwa ukutani.

Nikamsikia akisema, "Nimejifundisha mwenyewe."

Hapana, mama, usinipe maji. Niacheni nimalize.

Watoto wote watano walishindwa. Njia yote ya kurudi hawakuvua viatu. Mimi niliwaambia, na hii naisema ili mjue mtu anaweza kushuka mpaka wapi, niliwaambia, "Mngefikiri kidogo zaidi mngeshinda."

Jumatatu msichana hakuja. Jumanne hakuja. Juma la pili likaisha. Wenzake waliniambia anauza mboga na mama yake na kwamba amesema shule ni ya watu wenye akili. Vizibo vikazagaa sakafuni bila wa kuvigusa. Mimi nilikuwa nimekwenda maktaba kuazima kitabu cha chesi, na usiku wa kuamkia Jumatano nilikuwa nimekwisha kusoma ile nusu iliyoliwa na panya. Hakuna mahali palipoandikwa lazima. Popote.

Nilitafuta njia rahisi. Nikamtumia ujumbe kupitia mtoto wa jirani: mwambie mwalimu amesema arudi. Jibu likaja: amesema asante. Basi.

Alhamisi baada ya shule nikaenda mwenyewe. Nilimkuta mama kibandani, anakatakata sukuma, watu wamepanga foleni na mifuko yao. Msichana alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua majani. Aliponiona aliinamisha kichwa.

"Karibu mwalimu," mama akasema, kisu hakikusimama. "Umekuja kuchukua mboga au umekuja kuchukua mtoto?"

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto amesema yeye ni mjinga. Mimi shule sina, lakini mjinga sijazaa. Kwa hivyo sijui ujinga huo ameutoa wapi."

Nilitaka kumwita pembeni. Nikatazama foleni: mama jirani, fundi wa baiskeli, vijana wawili wenye nguo za kiwanda. Nikajua nikimwita pembeni nitaongopa tena kidogo, nitaupunguza ukweli, nitaupaka mafuta. Basi nikasema palepale:

"Ameutoa kwangu. Mjinga ni mimi. Ile sheria nilibuni. Chesi sikuijua, nikaogopa kusema."

Msichana akanyanyua uso. "Kwani si lazima?"

"Si lazima."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Unaweza kukataa."

Midomo yake ikaanza kutetemeka. Nilidhani atalia. Alikuwa na hasira, ndugu zangu, hasira ya mtu mzima katika kifua cha mtoto. "Niliona!" akasema. "Niliona yule askofu, mwalimu. Niliona nikikula naenda kupoteza malkia. Niliona! Nikakula kwa sababu wewe ulisema."

Kisu cha mama kikasimama.

"Na yule mzee alipouliza," mama akasema polepole, "mtoto ameniambia kila kitu isipokuwa hicho. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo hapo."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Mama, nifungie ya kumi basi niende," fundi wa baiskeli akasema.

"Ngoja wewe! Hiyo mboga imekuambia inakimbia?" Akanigeukia. "Mwalimu, hayo maneno umeyasema vizuri. Lakini umeyasema kwa watu wa mboga. Kesho yaseme kwa watu wa darasa. Nitakuja nisikie kwa masikio yangu. Ukiyasema, mtoto anabaki. Usipoyasema, tunarudi naye sote wawili kwa kibanda, na usinunue mboga hapa tena."

Asubuhi walikuja. Mama akasimama mlangoni, leso kiunoni, mtoto mbele yake. Nikasimama mbele ya watoto sabini. Nikasema: "Sheria ya lazima ule ni uongo. Niliibuni mimi. Mlishindwa kwa sababu yangu, na nilipoulizwa nilijificha nikamwachia mwenzenu aibu. Nisameheni."

Sauti ikatoka dawati la nyuma kabisa: "Ticha, kwani mwongo huchapwa ngapi?"

Darasa likalipuka. Mwingine akapanda dawati akateremsha kiboko kabatini, akakipuliza vumbi, akakiweka juu ya meza yangu, na wote wakawa wananitazama kuona nitafanya nini. Sikukigusa.

"Amueni nyinyi," nikasema.

"Nne!" "Zii, sita!" "Wacha hizo, ni mwalimu!"

Yule msichana akaingia kutoka mlangoni. "Asichapwe," akasema. "Akae hapa mbele na sisi. Tukifundishwa, na yeye afundishwe. Na akikosea, tucheke."

Hiyo ndiyo hukumu niliyopewa, nami nimeitumikia hadi leo. Kila saa ya chesi ninaketi dawati la mbele, magoti yamebanwa mbaoni, kati ya watoto wawili.

Lakini nani atatufundisha? Nikamtafuta yule mzee mwenye miwani. Anaishi Umoja, katika nyumba aliyoiongezea chumba hadi ikagusana na ya jirani. Nikamweleza yote nimesimama mlangoni. Akacheka mpaka akavua miwani kuipangusa.

"Ingia, mwalimu," akasema. "Nilidhani hutakuja. Unajua niliona nini siku ile? Niliona mtoto ambaye, kabla ya kugusa kipande, ametazama kila kinachoweza kula na kila kinachoweza kuliwa. Watoto wa kule juu hawatazami hivyo, hawajawahi kulazimishwa. Wako wamechezea sheria mbaya miezi yote hii, na imewafumbua macho ya ndani. Waondolee lile sharti tu, halafu usimame mbali."

Alikuja Ziwani kila Jumamosi, hakutaka chochote ila uji. Alitufundisha kukataa. Ndugu zangu, hamjui ilivyo vigumu! Watoto waliona kipande kimeachwa wazi na mikono ikaruka yenyewe. "Nani amekulazimisha?" mzee aliuliza kila mara, na wao wakajibu kwa pamoja, "Hakuna!" Mimi ndiye niliyechelewa kuliko wote. Walinicheka, kama hukumu ilivyosema.

Mwaka uliofuata tukarudi katika ukumbi ule ule. Nilikuwa na hofu ya mtu anayerudi mahali alipoanguka. Mwishoni tulipangwa na wenyeji, na watoto wangu walishinda meza ya tano, wakashinda ya nne. Ya tatu wakatoka sare. Ya pili wakapoteza. Ikabaki ya kwanza: msichana wangu, na mvulana mkubwa wa shule ile ile, bingwa wao.

Watu walisimama kuwazunguka. Mchezo ulikuwa umefungana, vipande vimebanana kama watu sokoni. Msichana wangu akakaa juu ya mikono yake. Kisha akautoa mmoja, akamchukua malkia wake, kipande kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, akamweka wazi mbele ya ngome ya yule mvulana.

Wale wa upande ule wakaguna kwa furaha. Mwalimu wao akafumba macho kama mtu anayemwonea mtoto huruma. Lakini mimi binti wa mcheza drafti nikahisi nywele zikisimama. Kwenye drafti ya Kaloleni jambo lile lina jina, linaitwa kulisha. Unamlisha mwenzako kete yako nono ili mdomo wake uwe umejaa wakati unapopita. Hilo sikuwa nimemfundisha, na yule mzee pia hakuwa amemfundisha. Alilitoa mtaani, kwenye magoti ya wazee kama baba yangu.

Bingwa akasita. Akamtazama malkia. Akamtazama msichana mwenye sweta la kushonwa viwiko.

"Si lazima," msichana akamwambia, kwa heshima kabisa. "Unaweza kukataa."

Mvulana akakunja uso, akala.

Ngome yake ilipoondoka kwenye mstari wa nyuma, mfalme akabaki bila mlinzi. Ngome ya msichana wangu ikateremka moja kwa moja hadi chini kabisa, ikagonga ubao. Ta!

"Chekmeti," akasema.

Sikumbuki nilichofanya. Wanaojua wanasema nilipiga vigelegele ndani ya ukumbi ule wa watu wanaonong'ona, na kwamba mzee wa miwani aliniambia ninyamaze huku yeye mwenyewe akipiga meza kwa kiganja. Tulirudi na kikombe. Tuliporudi kupitia sokoni tukakipitisha mkono kwa mkono, na kila mtoto aliyekishika aliongeza urefu kidogo. Jioni ile darasa la nyuma halikuitwa "wale" tena, na sijasikia likiitwa hivyo tangu wakati huo.

Msichana sasa yuko sekondari, na Jumamosi huja kuwafundisha wadogo zake. Na juma lililopita mama yake alinijia hapo kanisani, akanishika kiwiko, akasema, "Mwalimu, nifunze na mimi. Huyu mtoto anaongea na ndugu zake mambo ya farasi jikoni na mimi nimekaa kama mgeni." Tumeanza. Anacheza kwa hasira na anacheza vizuri.

Ndugu zangu, natoa shukrani. Namshukuru mzee aliyefungua mlango wake Umoja na hakunihukumu. Namshukuru mwalimu mkuu, aliyetupatia chumba na meza mbili. Nawashukuru wale watoto sabini walionihurumia kuliko nilivyowahurumia wao. Namshukuru mama mmoja aliyekataa kuniruhusu nitubu kwa nusu. Na Mungu, aliyenisubiri hatua nne kutoka kwenye meza ile mwaka mzima.

Kama nina neno la kuwaachia, ni hili, hasa kwa wazazi na walimu wenzangu. Mtoto anaweza kukaa na mkubwa asiyejua. Watakaa pamoja, watatafuta, watacheka. Asichoweza ni kuachwa peke yake mbele ya watu akibeba kosa la mkubwa. Ukiwa umemwacha hapo, popote ilipo meza hiyo, rudi. Sema mbele ya foleni nzima. Utakuta yule uliyemwacha bado amekuwekea nafasi kwenye dawati.

Nimesema. Wapeni wengine nafasi.